Kujaribu gauni la kukodi: duka liko Mbeya, mteja yuko Kyela

Anayeuza nguo mtandaoni akituma saizi isiyo sahihi, mteja atalalamika, atairudisha, na wiki inayofuata ataletewa nyingine. Anayekodisha hana wiki inayofuata. Sendofu ni Ijumaa, ukumbi umeshalipiwa, MC ameshachukua kianzio chake. Gauni likifika Alhamisi jioni na zipu ikagoma kupita kiunoni, hakuna tena cha kubadilisha. Hata hivyo maduka mengi yanayokodisha kwa WhatsApp na Instagram kutoka Mwanjelwa, Kabwe au Soweto ya hapa Mbeya yanapiga picha nzuri za magauni bila kusema neno lolote kuhusu mteja atajaribu wapi na lini.

Watu wengi hulichukulia jambo la kujaribu kama hisani kwa mteja msumbufu. Mimi nalihesabu kama sehemu ya kalenda ya gauni lenyewe, sawa na kufua. Usipolipangia siku litajichukulia siku lenyewe, na kwa kawaida litachukua zile mbaya.

Hebu tupige hesabu ya hizo siku. Gauni lililovaliwa Jumamosi hurudi Jumapili jioni au Jumatatu. Linakaguliwa, linatolewa madoa, linafuliwa, linaanikwa. Hapo ndipo hali ya hewa ya huku kwetu inapotukomoa: Novemba hadi Aprili ni mvua, Juni na Julai ni baridi, na gauni lenye bitana, neti tabaka nne na lesi juu yake halikauki kwa siku moja ndani ya chumba cha Mbeya. Weka siku mbili. Shela lenye mkia weka tatu. Kama kila kitu kimekwenda sawa, Alhamisi liko kwenye hanga. Kama limekodiwa kila Jumamosi, basi siku ya mtu mwingine kulijaribu haipo kabisa, hata uwe na nia njema namna gani.

Dawa yake ni kulipatia kila gauni linalopendwa sana wiki moja ya kupumzika kila mwezi, na kuwaita wateja wake wote wa mwezi unaofuata walijaribu ndani ya wiki hiyohiyo. Unapoteza Jumamosi moja, unapata Jumamosi tatu zisizo na ugomvi. Kwaresima husaidia pia, kwa kuwa makanisa mengi hayafungishi ndoa kipindi hicho: ndio wakati wa kubadilisha zipu, kuongeza vishikizo na kuwajaribisha maharusi wa baada ya Pasaka. Kwenye kalenda gauni liwe na hali nne tu: lipo, limekodiwa, liko kwa dobi, limekwenda kujaribiwa. Daftari la mistari linatosha, ila jedwali la pamoja kwenye simu ni bora, kwa sababu wakala wako wa Tunduma, anayekujaribishia wateja wa huko, naye analiona na hatamwahidi mtu gauni ambalo bado linachuruzika maji.

Pima gauni kabla hujampima mtu

Lebo ya saizi haikusaidii. UK 12 ni US 8 na kwa nchi nyingi za Ulaya ni 40, na gauni la kiwandani China lililoandikwa XL linaweza kuwa dogo kuliko L ya Uturuki. Ng'oa matumaini kwenye lebo, chukua futi kamba.

Lilaze gauni mezani, zipu imefungwa, bila kulivuta. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili: hicho ndicho kifua. Kiuno ni pale gauni lilipo jembamba, nacho mara mbili. Nyonga pima inchi 8 chini ya kiuno. Urefu uchukue kutoka juu ya bega, pale mshono wa shingo unapokutana na bega, hadi pindo la mbele. Mkia pima peke yake. Kisha pima kitu ambacho karibu kila duka linakisahau: mzunguko wa mkono wa juu. Magauni ya lesi yenye mikono mirefu hufeli hapo kuliko kiunoni. Kifua kinaingia, kiuno kinaingia, halafu mkono unakwama katikati kama soseji na bibi harusi hawezi hata kushika maikrofoni. Lesi hiyo kwa kawaida haivutiki na haina akiba ya mshono ya kuachia.

Nguo isiyovutika lazima iuzidi mwili kidogo. Kifuani iwe kubwa kwa inchi 1.5 hadi 2, kiunoni inchi 1, nyonga inchi 2, mkono wa juu inchi 1.5. Chini ya hapo mtu anaweza kusimama apigwe picha, lakini hawezi kukaa na kula. Kitambaa kinachovutika pima mara mbili, kikiwa kimelala na kikiwa kimevutwa, na uandike vyote viwili.

Vipimo hivyo viandike kwenye tangazo la gauni, chini ya bei. Mteja akiuliza, mjibu kwa namna hii:

"Shikamoo mama, asante kwa kutuchagua. Gauni namba 14 lina kifua inchi 38, kiuno 31, nyonga 42, mkono wa juu 13, urefu kutoka begani 57. Tunaomba vipimo vya binti kwa sehemu hizohizo, akiwa amevaa sidiria na viatu atakavyovaa siku hiyo. Na tunaomba kujua: nguo za dukani huwa zinambana wapi kwanza?"

Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko namba zote. Mtu anaweza kukosea kupima, ila hawezi kukosea kujua kwamba kila blauzi anayonunua humbana mikono au humwachia mgongo wazi.

Namba za mteja zichunguze kabla hujaziamini. Futi kamba ina pande mbili, na wengi husoma upande wa sentimita bila kujua: akikuandikia kiuno 79, ni inchi 31. Futi kamba ya plastiki ya siku nyingi huwa imevutika. Aijaribu kwenye karatasi ya A4, ambayo upande wake mrefu ni sentimita 29.7. Asiye na futi kamba atumie uzi usiovutika, aupime kwa karatasi hiyohiyo. Na kuanzia Juni hadi Agosti, mtu wa Makete, Njombe au Uporoto atajipima akiwa amevaa sweta juu ya fulana mbili, maana nani atavua? Hapo kifua kimeongezeka inchi 2 au zaidi, na gauni litakalomfaa kwenye karatasi litamporomoka ukumbini. Mwambie waziwazi apime juu ya sidiria tu, chumbani, jiko likiwa linawaka.

Kuhusu ujauzito na kunyonyesha, uliza kupitia matroni au dada wa familia, na uliza kwa adabu. Ila uliza. Ndani ya wiki tatu kiuno cha mama mjamzito hakingojei kalenda yako, na gauni lenye mshono chini ya matiti litamfaa kuliko lolote lenye kiuno cha kubana.

Njia za kujaribisha, na ipi inamfaa nani

Mteja aliye mjini Mbeya, Uyole au Mbalizi aje dukani. Hakuna teknolojia inayoshinda kioo kirefu na mtu wa kufunga zipu nyuma. Mpe dakika 45, magauni yasiyozidi matatu, na mtu mmoja tu wa kumsindikiza. Akija na shangazi, mawifi na marafiki wa saluni, magauni yatakuwa kumi na jibu halitapatikana. Weka shuka jeupe sakafuni asimame juu yake, na kabla ya kumvisha gauni kutoka juu, mfunike uso na nywele kwa skafu nyepesi ya shifoni. Podari na lipstiki kwenye shingo ya shela jeupe ni kazi ya saa nzima kuitoa.

Njia ya pili ni ya walio mbali. Marekani kampuni ya kukodisha nguo ya Rent the Runway, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilizoeza wateja wake kutumiwa saizi ya pili ya akiba ya gauni lilelile. Wazo ni zuri, lakini linadai stoo yenye kila gauni kwa saizi zote. Duka la Mwanjelwa huwa na kila mtindo mmoja tu, na mara nyingi saizi moja. Kwa hiyo akiba yetu iwe ya namna nyingine: gauni alilolipenda, pamoja na gauni la pili la mtindo tofauti ambalo una uhakika litamwingia. La pili liwe na kamba mgongoni.

Nisisitize hizo kamba, maana kwangu ndizo zinazopunguza maumivu ya biashara hii. Gauni la zipu linamfaa mtu wa kipimo kimoja. Gauni la kamba mgongoni hubeba tofauti ya inchi 3 hadi 4. Fundi mzuri anatoa zipu, anashona vitanzi vya satini kila baada ya inchi 1, 12 hadi 14 kila upande, anaweka nyuma yake kipande cha kitambaa kilekile chenye upana wa inchi 6 ili mgongo usionekane, na anapitisha utepe wa mita 4. Zipu za kujificha hupasuka karibu kila mara mahali pamoja, pale zinapovuka mshono mnene wa kiuno, na hupasuka mtu akikaa, hazipasuki akisimama. Ukinunua gauni jipya la kukodisha, lipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Ukisubiri lipasuke, utalipeleka Jumamosi saa nne asubuhi.

Njia ya tatu ni kujaribia kwa wakala. Duka la Mbeya linalohudumia Tukuyu, Kyela, Vwawa, Tunduma na Makambako halihitaji matawi, linahitaji chumba kimoja kila mji. Wengi hukimbilia saluni kwa sababu ina kioo na wanawake wameizoea, na ni chaguo zuri kama kuna chumba cha nyuma. Kwenye chumba cha mbele hapana: dawa ya nywele na rangi vikirukia satini hakuna atakayevitoa. Fundi cherehani naye ana faida ya pini na jicho la kazi, ila ana mkasi, na mkono wake haupendi kukaa bure. Makubaliano naye yaandikwe: hakuna kukata, hakuna kushona kwa mashine. Kupunguza kunafanyika kwa mkono, mishono mirefu, uzi wa rangi tofauti ili uonekane na kufumuliwa kirahisi. Pindo la chini linapandishwa kwa kukunja bitana ndani, kitambaa cha juu hakiguswi.

Wakala awe na kioo cha urefu wa mtu, pazia linalofunga kweli, kiti, shuka, skafu ya uso, pini, futi kamba uliyompa wewe, na mwanga wa dirisha. Mlipe kwa kila mteja aliyejaribu, hata kama hakukodi. Ukimlipa kwa waliokodi tu, atamwambia kila mtu kwamba amependeza.

Ya nne ni kumtumia mteja gauni nyumbani, na hii ndiyo yenye hatari kubwa. Gauni lililotumwa kujaribiwa Alhamisi linaweza kurudi Jumatatu likiwa limecheza muziki usiku kucha. Funga utepe mpana mwekundu mbele ya shingo, ushonwe kwa uzi, na masharti yaseme wazi kuwa utepe ukikatwa gauni limekodiwa na bei kamili inadaiwa. Utepe uwe mbele na uwe na rangi mbaya. Ukifichwa ndani haumzuii mtu. Piga picha za gauni kabla ya kufunga mzigo, pamoja na doa lolote dogo lililopo, umtumie mteja naye athibitishe. Muda uwe saa 24 tangu apokee, na siku za kutuma ziwe Jumanne na Jumatano peke yake.

Mashela meupe na magauni ya bei kubwa mimi nisingeyatuma nyumbani kabisa. Badala yake tuma blauzi ya kupimia. Shona tatu kwa kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, za kifua inchi 34, 38 na 42, kila moja ikimaliza mita 1.5 hivi, zipu iwe mbele ili mtu aifunge mwenyewe. Chora mistari kwa kalamu isiyofutika kwenye kifua, kiuno na nyonga, na kila inchi uweke alama. Mteja anaivaa, anabana kwa pini pale inapozidi, anapiga picha. Wewe unasoma mistari: ukiona mstari wa kiuno umepanda juu ya kitovu, mtu huyo ana kiwiliwili kirefu na gauni lako la kiuno cha juu halimfai hata kama namba zote zinakubali. Ikipotea njiani umepoteza kitambaa tu.

Barabara ina madoa yake

Kosta za Kyela na Tukuyu hupakia kila kitu: mchele, dagaa, parachichi, mikungu ya ndizi. Harufu ya dagaa hutoka kwa kuanika. Utomvu wa ndizi hautoki. Ukigusa kitambaa cheupe leo unaonekana kama maji, kesho ni kahawia, na ukikimbilia jiki unaongeza balaa, kwa maana jiki kwenye nailoni huacha unjano wa kudumu. Kwa hiyo gauni liingie kwenye kava ya nguo yenye zipu, kava ndani ya boksi gumu, na boksi lizungushiwe selotepu pana pande zote. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na hata ingekuwepo isingesaidia. Kava inayorudi dukani hudumu misimu kadhaa. Kunja gauni mara moja kiunoni na sehemu yenye shanga iangalie ndani, ukiweka karatasi laini katikati. Mwambie kondakta boksi likae juu, ndani ya gari, lisiende kwenye buti. Andika namba ya gari na namba ya simu ya kondakta, piga picha ya risiti ya mzigo, mtumie mteja.

Likifika kwa mteja, lining'inizwe bafuni wakati wa kuoga maji ya moto, mlango umefungwa, dakika 20. Mikunjo mingi itaanguka bila pasi. Pasi ya mkaa usiitaje hata kwa utani.

Kujaribu kwa video

Mteja akishavaa, awe kwa wakala au nyumbani, piga simu ya video. Picha peke yake zinadanganya, kwa kuwa mtu husimama wima, huvuta tumbo na kushika pumzi. Simu iwekwe mezani kwa urefu wa kitovu, umbali wa mita 3, mwanga wa dirisha uwe mbele yake. Simu ikishikwa juu kwa mkono, miguu inaonekana mifupi na pindo linaonekana refu.

Mwombe asimame mbele, upande, nyuma, halafu afanye yale atakayoyafanya ukumbini. Akae kwenye kiti na kuegemea. Ainue mikono yote miwili, kwa maana atakumbatiwa na watu mia mbili. Gauni lisilo na mikono likishuka hapo, siku ile litashuka mbele ya kamera. Apande ngazi mbili, kwa kuwa jukwaa la maharusi lina ngazi. Acheze kidogo, kama atakavyoingia ukumbini.

Kisha apige magoti. Jaribio hili huwezi kulikuta kwenye mwongozo wa kampuni za nje, na ndilo linalowaangusha wengi huku. Binti wa sendofu atapiga magoti akimlisha keki baba na mama, atapiga magoti akimkabidhi bibi zawadi, na nyumbani kwao Rungwe hawezi kumsalimia mzee akiwa amesimama kama mlingoti. Gauni linalobana hadi chini ya goti halafu likaachia halikubali magoti: ama linapasuka mshono wa nyuma, ama binti anaanguka mbele. Akilipenda gauni la namna hiyo, mweleze awe na la pili la kubadilisha kabla ya keki, au fundi aweke mpasuo wa inchi 12 nyuma na kuuficha kwa neti. Asiambiwe siku ya tukio.

Kiatu nacho kinaamua urefu. Mchuchumio wa inchi 4 na kiatu cha chini ni magauni mawili tofauti. Pindo la mbele liishie inchi nusu hadi inchi 1 juu ya sakafu akiwa amevaa kiatu chenyewe. Kama sherehe ni ya uwanjani na ni msimu wa mvua, lipandishe liwe inchi 2. Tope la Tukuyu halina huruma na lesi nyeupe. Pia muulize sherehe inafanyikia wapi. Anayejaribu Mbeya mjini kwenye baridi ya asubuhi na kuvaa Kyela jioni anashuka zaidi ya mita 1,000, kwenye joto la ziwani. Bitana ya poliesta itamganda mwilini na miguu itavimba kidogo. Mpe nafasi ya inchi nusu zaidi na pedi za kwapa.

Kanisani usisahau mabega. Makanisa mengi hayamruhusu bibi harusi aingie na mabega wazi, kwa hiyo kama gauni halina mikono, koti la lesi lijaribiwe pamoja nalo siku hiyohiyo.

Programu za kuvalisha picha

Siku hizi mteja anaweza kukutumia picha yake akiwa tayari amevaa gauni lako, iliyotengenezwa na akili mnemba. Google ilianza kutoa huduma ya kuvalisha nguo kwa picha huko Marekani mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaruhusu mtu kuweka picha yake mwenyewe. Programu za namna hiyo zinafaa kwa kazi moja: kupunguza machaguo. Rangi ya maziwa au nyeupe kabisa, shingo ya mviringo au ya V, mikono au bila mikono. Haya mteja huyaona vizuri na kutoka magauni kumi anabaki na mawili. Lakini programu inachora gauni juu ya mwili. Haijui zipu itagoma wapi, haijui lesi haivutiki, na mtu wa kiuno inchi 40 itamvalisha gauni la inchi 31 bila aibu. Mwambie mteja hivyo kabla hajalipa.

Na picha hizo si mali yako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha ya mteja pamoja na vipimo vyake ni taarifa binafsi. Unatakiwa kumwambia unavichukua kwa kazi gani, na usivitumie kwa kazi nyingine bila ridhaa yake. Kuweka picha ya majaribio ya bibi harusi kwenye status kabla ya harusi bila ridhaa yake ni kuvunja sheria, na pia ni kumharibia mtu siku yake. Futa picha na video gauni likisharudi.

Suti ni rahisi, isipokuwa mabega

Suti ya Uturuki au Italia iliyoandikwa 50 ni kifua cha inchi 40. Toa 10 kwenye namba unapata inchi. Kamati ya harusi itakutumia orodha ya wasimamizi: M, L, L, XL. Irudishe. Omba kila mmoja alaze mezani koti linalomkaa vizuri, apime bega hadi bega, kwapa hadi kwapa na mkono. Mkono unarekebishika inchi 1 hadi 1.5, kiuno cha suruali vivyo hivyo, bega halirekebishiki kwa gharama ya maana. Kwenye video asimame bega likiwa karibu na ukuta na ausogelee taratibu: pedi ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono, koti ni kubwa. Awe na shati tu ndani. Wa Njombe watataka kujaribu juu ya sweta, na ndivyo suti za watu zinavyoonekana za kuazima.

Pesa na wanaochelewa

Ada ya kujaribu itoshe kulipia nauli ya mzigo kwenda na kurudi, wakala, na mvuke wa kulisafisha gauni. Ilipwe kabla, kwa lipa namba, na akikodi ikatwe kwenye bei. Akikataa gauni kwa sababu hakulipenda, ada haimrudii. Akilikataa kwa sababu vipimo ulivyoandika wewe havilingani na gauni, mrudishie yote, na nauli juu. Dhamana ni kitu kingine, usiichanganye na ada.

Kwa ratiba, vipimo vije siku 21 kabla, kujaribu siku 14 kabla, kupima tena kiuno na kifua siku 7 kabla, gauni kuondoka siku 2 kabla. Hiyo ni kwenye karatasi. Kwa kweli michango ya harusi huingia mwishoni, mweka hazina wa kamati hutoa pesa ya mavazi Jumatano, na mteja anakupigia Jumatano usiku. Kumfukuza ni kumfukuzia kwa mwenzako wa jirani. Tenga magauni machache ya kamba mgongoni, mikono ya kitambaa kinachovutika au bila mikono, pindo lenye akiba ya inchi 3 ndani, yawe ya wateja hawa. Anayekuja siku tatu kabla anachagua humo tu, na anasaini kwamba amekubali bila kujaribu.

Kila gauni likirudi kutoka kujaribiwa, ligeuze nje ndani, kagua kwapa kama kuna weupe wa deodoranti, uifute kwa kitambaa chenye unyevu, lipige mvuke, liache wazi usiku mzima kabla ya kulirudisha kwenye kava. Halafu fungua ukurasa wa gauni hilo daftarini uandike mstari mmoja: vipimo vya aliyelijaribu, lilimbana wapi, lililegea wapi, alikodi au hakukodi. Jina usiandike. Baada ya mistari kumi na kitu, mteja wa Mlowo akikutumia namba zake utamtafuta mtu wa mwili kama wake kwenye ukurasa huo, na utaweza kumwambia gauni namba 14 litamshinda mikono kabla hajalipa hata nauli ya mzigo.